Tulivyoitoa Pijo Tukarudi na Gari la Watu Wawili

Kerubo, Zainabu, na wewe Mary: tangu turudi kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake, na kila mmoja amesikia habari tofauti. Zainabu alisikia kwamba tumelitoa gari la familia tukachukua karai lenye magurudumu. Kerubo aliambiwa huko Kisii kwamba niliachwa kando ya barabara na mizigo yangu, Baba Atieno akakimbia na msichana mdogo. Mary alisikia kwamba mama mkwe wangu hataki tena kutuona. Tulifundisha pamoja hapa Kisumu miaka mingi, mnanijua nisivyopenda kusimulia jambo vipande vipande. Basi leo nimekaa mezani, chai ipo, nawaandikia yote. Karai ni kweli. Msichana naye ni kweli, lakini ngojeni kwanza.

Kisumu hadi Ahero

Pijo mnaikumbuka. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila mmoja wenu amewahi kuipanda. Tuliichukua mtoto wetu wa kwanza, Atieno, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza shule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Baba Atieno akiwa bado fundi wa meli pale bandarini. Watoto watano walikulia kwenye kiti chake cha nyuma. Ilibeba masanduku ya shule za bweni, magunia ya mahindi, mabibi arusi wawili, na wagonjwa nisiowajua majina. Kwa ukoo wa mume wangu kule upande wa Usenge, hilo halikuwa gari letu. Lilikuwa gari lao ambalo sisi tulikuwa tunalilaza Kisumu. Kila mwezi Baba Atieno alikwenda nyumbani kumpeleka mama yake hospitali Bondo, maana miguu yake huvimba. Kiti cha mbele kilikuwa cha kaka yake mkubwa, Odhiambo. Mimi nilikaa nyuma, mwanzoni na mtoto mapajani, baadaye na kikapu.

Mwaka huu mtoto wetu wa mwisho, Onyango, akaenda chuo. Jioni ya kwanza nilisonga ugali wa watu saba kwa mazoea, tukala sisi wawili mpaka kesho yake. Nyumba ilinyamaza. Baba Atieno mnamjua, maneno yake ni machache. Alikuwa ametoka Kendu Bay kutengeneza injini ya boti ya mtu. Akaweka kijiko chini.

"Kuna mzee kule ana gari la watu wawili. Halina paa. Anataka letu."

"La watu wawili tu?"

"Wawili tu."

"Na wengine watakaa wapi?"

"Wengine gani?" akaniuliza. "Wako wapi?"

Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, kisha nikamwambia haya, twende tulione. Mama yake hakuambiwa. Odhiambo hakuambiwa. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko gari lenyewe.

Mambo ya makaratasi sitawachosha nayo. Tuliondoka Jumamosi asubuhi, na sanduku moja na kikapu endapo tungelala huko. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeisafisha Pijo kwa mikono yangu, na chini ya kiti cha nyuma nikakuta kipande cha muwa kilichotafunwa, kimekauka kama ukuni. Sijui ni meno ya nani. Nilikitupa, kisha nikarudi kukiangalia pale nilipokitupa.

Karibu na Ahero, mahali penye mitaro ya maji ya mpunga, Baba Atieno alipunguza mwendo, akaegesha kando, akazima. Tukakaa. Ndege weupe walikuwa wanatembea shambani.

"Nimesimama kwa nini?" akauliza mwishowe.

"Kwa ajili ya Akoth," nikamwambia.

Akoth ni yule wetu wa tatu, ambaye hakuwahi kupita pale bila kutapika. Safari zote za shule tulisimama kwenye mtaro uleule, nikimshika kichwa, wenzake wakipiga kelele kwamba tunachelewa. Sasa ni muuguzi Mombasa. Baba Atieno aliuangalia ule mtaro kitambo, akawasha gari, tukaendelea.

Kendu Bay

Mwenye gari aliitwa Mzee Salim, muuza nguo mjini pale. Baba yake alitoka pwani zamani, mama yake ni Mjaluo wa hapohapo Karachuonyo, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kupendeza masikioni, akigeuka anasema Kijaluo kama mjomba wangu. Alikuwa mzee maridadi, kofia safi, viatu vinang'aa mpaka katika vumbi lile. Alitupeleka nyuma ya nyumba na kuvuta turubai.

Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Lilikuwa dogo, la kijani, la chini kabisa, milango yake inanifikia gotini. Viti viwili vya ngozi iliyopasukapasuka, basi. Nyuma ya viti palikuwa na nafasi ya sanduku moja na kikapu. Lilikuwa la Mzungu mmoja msimamizi wa kiwanda cha pamba, alipoondoka akamwachia Mzee Salim.

"Mwanangu," akamwambia Baba Atieno, "gari hili halipendi kukemewa. Likikataa kuwaka, usilipige teke. Liache lipumue."

"Kwa nini unaliachia, Mzee?" nikauliza.

Hakujibu yeye. Alijibu mkewe, Bi Rukia, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Muulize vizuri! Binti yetu amekwenda kufanya kazi Uarabuni, ametuachia wajukuu watatu. Mimi tangu waje sijatoka nyumba hii. Arusi zinanipita, maziko yananipita. Atanipakia wapi na watoto watatu? Kichwani?"

Tukaingia kula kwanza. Alikuwa amepika ngege, yule samaki wetu wa ziwani, kwa nazi. Maisha yangu yote nimekula ngege, sijawahi kumkuta ndani ya nazi, na nilikula mpaka nikaona aibu. Wanaume wakarudi nje kugongagonga magurudumu na kusikiliza injini, wakazungukana kwa maneno kama watu wanaoposa. Hapo ndipo wale wajukuu walipotoka mbio wakaifungua Pijo wakaingia nyuma. Mkubwa akashika dirisha, wa katikati akaanza kuimba, mdogo akajilaza katikati yao na kufumba macho, kana kwamba kiti kile alikizoea tangu kuzaliwa. Bi Rukia akavua kanga ya jikoni, akajifunga nyingine, akaja na mkoba wake, akakaa mbele na kuuweka mapajani.

"Salim," akaita, "malizeni mazungumzo. Sisi tumeshaingia."

Niliwaangalia wale watoto kupitia kioo, machozi yakanitoka. Bi Rukia akaruka chini, akanishika mkono. "Ni pilipili! Nilijua tu nimezidisha!" Akakimbia ndani, akaniletea ndizi mbivu. Sikumsahihisha. Nilikula ndizi, nikamwonyesha kwamba mlango wa nyuma wa kushoto lazima uuinue kidogo ndipo ufunge.

"Nitauinua," akasema, akiniangalia vizuri sasa. "Usiwe na wasiwasi. Nitauinua kila siku."

Alitufungia sufuria ya pilau ya njiani. Mzee Salim hakutuaga. Alipoona tunatoka getini aligeuka na kujifanya anafunga kamba ya viatu, na viatu vile havikuwa na kamba.

Daraja la mto Miriu

Kukaa ndani ya gari lile ni kama kukaa kwenye kigoda kinachokimbia. Barabara ile ni ya murram, na vumbi lote la Karachuonyo lilikuja kwetu. Baba Atieno aligeuka mwekundu nyusi hadi kidevu. Nilipomwambia anafanana na chungu kipya alicheka kwa sauti, na nilikuwa sijasikia kicheko hicho muda mrefu.

Tulikuwa tunakaribia daraja la Miriu tulipowaona wanawake wawili katikati ya barabara. Mmoja alikuwa mtu mzima, amemshika msichana aliyeinama, mikono magotini. Msichana alikuwa mjamzito, na maji yalikuwa yameshamwagika. Mkubwa alikuwa mama mkwe wake.

"Baba, nisaidie," akasema. "Tumesimama hapa tangu asubuhi. Magari yote yameenda mnadani."

Hospitali ya misheni tulikuwa tumeipita nyuma. Baba Atieno aliniangalia, kisha akaangalia kile kiti kimoja, yaani changu. Nilikuwa nimeshatoka. Tukashusha sanduku, kikapu na sufuria ili msichana aegemeze mgongo, tukamwingiza taratibu, gari likageuzwa, wakaenda. Mama mkwe akafunga kanga kiunoni na kulifuata vumbi kwa miguu, bila hata kuniaga. Nikabaki na mizigo, nimekaa juu ya sanduku kando ya barabara.

Ng'ambo ya daraja palikuwa na wanawake wanaouza nyoyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, pamoja na viazi vitamu na maziwa lala. Walikuwa wameona kila kitu, lakini kwa mbali. Mmoja wao, mnene, kitambaa chekundu kichwani, akavuka kuja kwangu. Aliitwa Mama Auma.

"Pole sana, mama," akasema.

"Asante. Ni mambo ya kawaida tu."

"Kawaida?" Akawageukia wenzake. "Anasema ni kawaida!" Kisha kwangu, kwa upole: "Sisi tumeona yote. Hiyo gari imekuja na wewe, ukashushwa na mizigo yako, msichana mdogo akaingia, gari ikageuka."

"Hapana, hapana. Yule ni mgonjwa. Anataka kuzaa."

Mama Auma akajipiga paja. "Mumesikia? Tayari ako na mimba yake!"

Nilieleza. Nilieleza mara ya pili. Nilisema hata jina la yule msichana silijui, na Mama Auma akasema mke hajuangi, mke huwa wa mwisho kujua. Walinivusha daraja na mizigo yangu, wakanikalisha kivulini, wakaniwekea nyoyo kwenye sahani na kikombe cha maziwa lala, hawakutaka hata kusikia habari ya kulipa. Mwanamume mmoja mzee mwenye baiskeli akasimama, akasimuliwa habari yangu mbele yangu, akatikisa kichwa.

"Kwenu ni wapi, mama?"

"Seme."

"Seme ni mbali," akasema, akawaza. "Lakini rudi tu. Hilo sanduku naweza kufunga nyuma hapa nikufikishe Katito."

Nilimshukuru nikakataa, na kukataa kwangu kukawahuzunisha wote zaidi. Tukala pilau ya Bi Rukia pamoja. Ndipo Mama Auma alipoanza kusimulia, polepole, bila ule ukali wake. Mumewe aliondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi, akamwachia watoto wanne na ahadi ya kurudi Krismasi. Alisimama kwenye barabara hiihii, akampungia mkono. Krismasi zimepita nyingi.

"Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo kama wewe," akaniambia. "Atarudi, kuna kitu kimemchelewesha. Nilikuwa nasema na watu wananiangalia."

Basi nikaacha kubishana naye. Nilimsaidia kumenya viazi. Na nitawaambia ukweli, marafiki zangu: jua lilipoanza kuinama upande wa ziwa na barabara bado haina kitu, na mimi nilianza kuiangalia kwa macho ya Mama Auma. Msichana sikumwogopa. Niliogopa kwamba gari limekwama mahali, mtoto anakuja, na mume wangu anajua injini tu.

Mwishowe tukasikia honi. Gari lilikuja likiwa na mtu mmoja tu, shati lake limechafuka damu na vumbi. Wanawake wote walisimama, mikono kiunoni.

"Umerudi kufanya nini?" Mama Auma akamuuliza.

Baba Atieno akashangaa. "Kumchukua mke wangu."

"Na yule?"

"Amezaa. Mvulana."

"Ya nani?"

"Ya mumewe!" akasema, akinigeukia mimi kwa macho ya kuomba msaada. "Ni mvuvi, yuko visiwani. Mama, kwani hawa wananiuliza nini?"

Nikacheka mpaka nikashindwa kusimama. Mama Auma alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama lile shati, kisha akaanza kucheka pia, akajifuta macho na kile kitambaa chekundu. Akampakulia nyoyo sahani nzima. "Kula, baba. Kula. Kumbe kuna wengine hurudi."

Kilichomchelewesha kilikuwa rahisi. Msichana alifika hospitali akimlilia mama mkwe wake, hakukubali kuguswa na mtu. Baba Atieno akarudi njiani kumtafuta yule mama, akamkuta anatembea, akampeleka. Halafu akangoja mpaka asikie mtoto.

Tulipoliacha daraja nyuma alisimamisha gari. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tumekosea," akasema. "Pijo ingewachukua wote watatu mara moja, na wewe ukiwemo. Ningechelewa kidogo tu yule mtoto angezaliwa barabarani bila mtu. Tukigeuza sasa, Mzee Salim atakubali. Nilimwona. Hata yeye hakutaka kuliachia."

Mkono wake ulikuwa umeshashika gia. Niliwaza juu ya mama yake na miguu yake, na Odhiambo, na watu wote watakaosema tuliwatupa. Kisha nikamwona Bi Rukia amekaa mbele na mkoba wake, na yule mdogo amelala kwenye kile kiti.

"Yule msichana alifika?" nikamuuliza.

"Alifika."

"Mtoto analia?"

"Analia kama king'ora cha meli."

"Basi twende nyumbani."

Akaniangalia tena kuhakikisha. Tukaenda.

Kisumu, kisha Otonglo

Tulilala Kisumu. Asubuhi nilimkuta anaosha kile kiti kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kwa makini, kama anamwosha mtoto. Jumapili ile hatukwenda kanisani, tulichukua barabara ya Busia kwenda Usenge, tukasimama Otonglo kumnunulia mama mkwe mkate, sukari na nyanya.

Lo, Otonglo! Watu walituzunguka kabla injini haijazima. Walidhani gari lilipata ajali likakatwa juu. Muuza nyanya aliniongezea nyanya mbili bure kwa kunihurumia. Mama mmoja aliyetoka ibadani alikuja na Biblia kwapani, akatushika mikono sote wawili.

"Mlikuwa wangapi ndani?"

"Sisi wawili tu," nikasema.

"Na hakuna aliyeumia! Nyasaye ber!" Mungu ni mwema. Akafumba macho, akaomba kwa sauti, soko zima likaitikia amina. Baba Atieno aliniambia kwa kunong'ona kwamba tungemweleza. Nikamwambia aitikie amina, maombi si ya kukataa.

Seme hadi Bondo

Kule Kisian tukakata kushoto kuingia barabara ya Bondo, na kutoka hapo ni kwetu. Seme yote iko pale: mawe makubwa, mihogo, ziwa linaonekana na kupotea upande wa kushoto. Ndani ya Pijo nilikuwa napita Seme nikiwa nimebanwa katikati ya magoti ya watu, ninaiona kwa vipande. Safari hii niliiona yote, mpaka harufu yake, moshi wa kuni na majani yaliyolowa umande. Kitambaa changu cha kichwa kilipepea kikatoka, kikaenda. Sikumwambia asimame.

Ndani ya gari lile mtu haongei, anapiga kelele. Upepo unachukua maneno. Karibu na Kombewa Baba Atieno akasema kitu nisichosikia.

"Nini?"

"Baiskeli!" akapaza sauti, akionyesha barabara kwa kidevu.

Nikakumbuka. Aliponichumbia alikuja na baiskeli nyeusi kutoka upande wa Usenge, siku nzima njiani, akanipakia nyuma tukaenda soko la Kombewa. Tulikuwa wawili tu, hatuna mtoto, hatuna mgeni, hatuna hata kikapu. Shangazi yangu alitufuata kwa miguu kwa heshima, tukampoteza kwenye mteremko.

Akasema tena kitu.

"Sisikii!"

"Nasema nimekukumbuka!"

Nilikuwa nimekaa pale pale, bega langu linagusa lake. Nikamwambia aseme tena, ingawa mara hii nilikuwa nimesikia.

"Nimekukumbuka!" akapiga kelele, na mwanamume mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni kando ya barabara akageuka kuangalia ni nani anayegombana.

Bondo tulikula samaki na ugali kwenye hoteli ndogo karibu na soko. Yaani mimi nilikula. Yeye alimgeuzageuza samaki wake.

"Utamwambia mama nini?" nikamuuliza.

"Nitamwambia ni gari."

"Na Odhiambo?"

Akasukuma sahani. Mtu huyu amewahi kuzamia chini ya meli kufungua propela, lakini kaka yake mkubwa anamwogopa mpaka leo.

Nyumbani

Odhiambo alikuwa wa kwanza kutuona. Alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa koti la safari siku moja mapema, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya hospitali. Alitembea kulizunguka gari, akaangalia nyuma kana kwamba sehemu iliyobaki inakuja.

Haya yote yalisemwa kwa Kijaluo, nawaandikia kwa Kiswahili ili sote tuelewane.

"Gari letu liko wapi?"

"Hili hapa," akajibu Baba Atieno.

"Hiki ni kitu cha kuchezea. Gari liko wapi?"

"Nimelibadilisha, kaka."

Kelele zikaanza. Odhiambo alisema tumeutupa ukoo. Alitaja wagonjwa, arusi, mazishi, magunia. Alisema mtu akielimika na kukaa mjini anasahau aliyemlea. Baba Atieno alisimama akiangalia viatu vyake, na mimi nilisimama karibu naye bila kubisha, kwa sababu mengi ya aliyoyasema yalikuwa kweli. Majirani walishaanza kukusanyika uani.

Mama mkwe wangu akatoka nyumbani mwake polepole, akijikongoja kwa fimbo. Kelele zikakatika. Alikuja mpaka kwenye gari, akaweka mkono juu ya mlango, akachungulia ndani.

"Viti ni hivi viwili?"

"Ndiyo, mama," akasema Baba Atieno. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mama, unaona?" Odhiambo akasema. "Kesho utaenda hospitali na nini?"

"Si na hiki?"

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Hapo sasa umesema," akajibu mama. Akajigeuza awaone watu wote. "Kila mwezi mimi naenda hospitali nimekaliwa. Odhiambo mbele na koti lake. Mimi nyuma, na mke wa Odhiambo, na jirani anayekwenda soko, na kuku wa jirani. Daktari akiniuliza mguu gani unauma, namwambia anza na ule uliokanyagwa. Mnasema ni gari la kunipeleka mimi. Mmewahi kuniuliza?"

Mke wa Odhiambo aliangalia pembeni, na nadhani alikuwa anazuia kicheko.

"Na siku nikifa mimi," Odhiambo akasema, lakini kwa sauti ya chini sasa, "mtanibeba na nini?"

"Wewe bado mzima," mama akamwambia. "Tembea."

Akamwambia Baba Atieno amfungulie mlango. Tulimshika huku na huku akashuka mpaka kwenye kiti, akanyoosha miguu yake mbele yote miwili, kitu ambacho ndani ya Pijo hakuwahi kuweza. Wakaenda ufukweni Usenge. Sisi tulibaki uani tukisikiliza mlio wa injini ukishuka kilima. Odhiambo alivua koti lake, akalikunja, akaingia nyumbani kwake. Hajatusamehe, na sitawadanganya kwamba amefanya hivyo. Yule jirani mwenye kuku naye alinisalimia kwa midomo tu.

Waliporudi, nywele za mama zilikuwa wazi, nyeupe, zimesimama kwa upepo. Nilikimbia kumsaidia ashuke.

"Kwani nani amekuambia nashuka?" akasema. Akamtuma mwanawe akalete maji ya kunywa, kisha akapiga kile kiti cha dereva kwa kiganja. "Nyar Seme, njoo ukae."

Binti wa Seme, ndivyo anavyoniita. Nikazunguka, nikakaa nyuma ya usukani ambao siujui. Gari lilikuwa limezimwa katikati ya ua, limeelekea ziwani. Nimekuwa mke wa nyumba ile karibu miaka thelathini, na nilipojaribu kukumbuka siku niliyokaa na mama mkwe wangu peke yetu, bila mtoto, bila moto wa jikoni, bila wageni wa kuhudumiwa, sikuipata.

"Yule mdogo amekwenda chuo," akasema.

"Amekwenda, mama."

"Nyumba ikoje?"

Nilitaka kusema ni nzuri, kama tunavyosema siku zote. Sijui kwa nini sikuweza. "Imenyamaza," nikamwambia. "Jioni nasikia saa ya ukutani."

"Yangu ilinyamaza mwaka mliohamia Kisumu," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

"Ulifanya nini?"

"Nililima njugu. Nililima njugu nyingi mpaka watu wakadhani nimerogwa."

Nikacheka, na yeye akacheka, akaniwekea mkono wake juu ya wangu. Akaanza kunisimulia mwaka ule, na mimi nikamsimulia huu. Sikuona jua linavyokwenda. Baba Atieno alikuwa amerudi na maji, amesimama karibu na mlango muda mrefu, mwenyewe amechoka, anatafuta pa kuegemea.

"Mama," akasema mwishowe, "ninaweza kukaa?"

Mama mkwe wangu hakugeuka hata kumwangalia.

"Gari limejaa," akamwambia.